Nyuma ya Karatasi ya Maabara

Kaka Mhina,
nakuandikia upande huu usio na tarakimu.

Unakumbuka tulivyoligawa shamba la marehemu:
kamba ya katani, hatua themanini kwako, themanini kwangu,
katikati mstari wa mikonge mizee
iliyosahauliwa na kampuni.
Wewe ukasema, nipe mfuko mweupe na mvua,
mtaona mahindi yanavyosimama Bwembwera.
Mimi nikasema nina mbuzi saba
na sina haraka.

Miaka sita ulivuna ukinicheka.
Mwaka wa kunde nilikula kunde.
Mwaka wa marejea sikula kitu;
nililima ikiwa maua, nikafukia,
wapita njia wakaulizana:
Semeni anazika nini, hata matanga hakuna?

Nilikuwa nazika hewa, Mhina.
Mizizini mna vifundo, vifundoni mna viumbe
wadogo kuliko dhambi ya mtoto mchanga,
wanaokamata upepo na kuupika.
Pasua kimoja kwa ukucha:
ndani chekundu, kama fizi.

Mwaka jana mahindi yako hayakuitika.
Ukaongeza mfuko. Yakanuna.
Kingo za majani zikawa zambarau,
nami ng'ambo ya mikonge nikafurahi,
acha niseme kweli,
nikafurahi kama mke mwenza.
(Yangu nayo yalikuwa na zambarau.
Niliyang'oa kabla hujaamka.)

Basi nikachota udongo, wangu mchana,
wako usiku,
mifuko miwili ya sukari,
nikapanda bodaboda hadi Mlingano.

Kijana wa maabara, Kihiyo, alisoma wako kwanza:
umechachuka kama uji wa juzi.
Chakula kimo, kabati limefungwa,
na kila mfuko mweupe unazidi kukaza kufuli.
Nikajizuia kutabasamu.
Akasoma wangu: laini, unashika maji, una uhai.
Fosforasi: chini.
Chini kuliko wako.

"Mbuzi wako wanakula wapi, mama?"
"Humo humo shambani."
"Basi unatoa pesa mfuko wa kushoto
unatia wa kulia,
halafu unajiita tajiri."

Njiani nilihesabu, kofia ya pikipiki ikinigonga:
magunia mia na tatu, yako na yangu,
yamekwenda Ngamiani tangu baba afariki,
na kila gunia na kijiko chake cha shamba.
Wamesonga ugali, wamekula, wamekwenda haja,
na haja yao imekwenda baharini.
Lori hurudi na sabuni na mabati.
Halijarudi hata siku moja na tulichowapa.

Sasa sikiliza.
Nina samadi vikapu ishirini, imeiva, hainuki.
Una nusu mfuko wa Minjingu uvunguni mwa kitanda;
usikatae, mkeo ameniambia.
Chokaa tuchangiane.
Msimu huu panda mbaazi wewe,
mahindi yaje kwangu, mwakani tubadilishane,
na mfuko mweupe usiutupe,
upunguze tu, kijiko badala ya konzi.

Jambo moja limebaki.
Udongo wako niliouiba, uliosalia kwenye mfuko,
niliurudisha alfajiri, bado giza.
Niliumwaga karibu na mikonge.
Sina hakika ni upande gani.