Pembetatu ya Kaltiojärvi

Nimewapa wanakijiji namba, moja hadi mia mbili na kumi na nne,
maana majina yao yananitoa machozi
na machozi hayaingii kwenye matriki.
Namba tatu ni mama yangu, Taimi.
Namba nne ni mdogo wake, Orvokki.
Namba kumi na saba ni mimi,
ingawa niliapa mbele ya kamati ya chuo
kwamba mtafiti hatakuwamo.

Kila mmoja ana lake kuhusu mgodi wa nikeli:
hasi moja, usichimbwe abadani;
chanya moja, uchimbwe hata kesho;
na pale kwenye sifuri, Tauno wa posta,
anayekubaliana na yeyote aliyesimama dirishani pake.
Wiki nzima mtu husikiliza jirani,
huchukua kidogo hapa, kidogo pale,
huzidisha kwa uzito wa imani, hujumlisha,
na Jumatatu huamka mtu mwingine
kwa sifuri nukta sifuri mbili.
Ni mlinganyo mfupi, unatosha kiganjani.
Uuache uzunguke, nao unaahidi:
mwishowe wote watasema neno moja,
kama supu iliyokorogwa muda mrefu.

Kijiji hakikukorogeka.

Nikaongeza sharti: mtu hamsikii aliye mbali naye mno.
Hapo skrini ikaanza kufanana
na ukumbi wa kanisa baada ya ibada,
kundi moja kando ya birika la kahawa,
kundi jingine kando ya makoti yanayochuruzika theluji,
na katikati sakafu tupu, mita nne,
inayovukwa na watoto tu, wakikimbia.

Kisha urafiki wenyewe: kujumlisha na kutoa.
Hasi mara hasi ni chanya, tulikariri darasani,
wala mwalimu hakutuambia kwa nini,
mpaka nilipowaona mahasimu wawili wa Orvokki,
watu wasiojuana,
wakipasuliana kuni.
Pembetatu yenye hasi moja haitulii.
Itavutana hadi kitu kikatike.
Mimi na mama: chanya.
Mimi na mama mdogo: chanya.
Mama na mama mdogo:
mwaka wa sita huu hawasemezani.

Damu ni nzito kuliko maji, hata kwa Kifini husemwa.
Nikaipa uzito, nukta nane. Nikapandisha, nukta tisa.
Mvutano ukazidi. Jamaa akivuta
huvuta kwa kamba nene.

Nimeiendesha modeli mara elfu kumi.
Mara elfu sita na ushei nabaki na mama.
Mara elfu tatu na ushei nabaki na Orvokki.
Mara arobaini na moja wanapatana,
na hizo arobaini na moja nimezikagua moja moja,
nikitafuta nilipokosea.

Jumapili mama ananifungia maandazi ya iliki, kumi na mawili,
mimi niishiye peke yangu.
"Usiyamalize wewe," anasema, akitazama jiko.
Anajua barabara yangu inapita wapi.

Orvokki anayapanga mezani, anayahesabu,
hamuulizi mtu nani kayaoka.
Anauma moja. Anatafuna polepole.
"Iliki imezidi," anasema,
"kama kawaida yake,"
kisha anaufua ule mfuko wa kitambaa,
anauanika juu ya stovu,
na ninapoondoka naukuta mzito:
chupa ya jamu ya matunda ya kinamasini.
"Mfuko si wangu," anasema. "Urudishe."

Usiku nafungua kompyuta.
Kati ya namba tatu na namba nne
nafuta alama ya kutoa, naweka ya kuuliza.
Programu inakataa: herufi haitambuliki.
Naiweka tena.