Limbwata

Semeni tu, jamani. Kijiwe cha Barabara ya Nane
kimeshatoa hukumu: Mhina kalishwa.
Mchana kweupe anakuna nazi,
kampanda mbuzi kama mwari anayefundwa,
na mkewe yuko bandarini, kavaa kofia ngumu,
anainua makontena.

Tanga yetu hii: mume akifagia ua
watu hawaulizi vumbi limetoka wapi.
Wanauliza alinyweshwa nini.

Basi nitawaambia nilichonyweshwa.

Karakana iliponitoa, na bahasha nyembamba,
nililala siku kumi na moja nikitazama dari.
Mishi akauza cherehani ya marehemu mama yake,
akalipa ada ya kozi ya kreni.
Wanaume kumi na tisa darasani, na yeye.
Walimwita Bi Harusi. Alipofaulu wa pili
wakaacha kumwita chochote.

Baba alinirithisha methali, shamba hakuacha:
mke ni nguo, mgomba kupalilia.
Idi iliyopita kanzu nimenunuliwa mimi.
Nilipoijaribu, mabega yalikaa sawa,
shingo ndiyo iliyonibana.

Sikuwa shujaa. Msinipambe.
Miezi miwili nilikuna mlango wa uani umekomewa,
hodi ikipigwa, mbuzi mvunguni.
Mbuzi mwenyewe hana maziwa, ana meno tu,
alinila vidole kabla hajanipa tui.
Na nguo za watoto bado anafua yeye, Jumapili,
mgongo ukimuuma. Huko sijafika.
Nalikaribia beseni, nageuka.

Kisha mama yangu akaja kutoka Muheza
na kapu la machungwa na macho ya upelelezi.
Alinikuta nimekaa kitako juu ya mbuzi,
machicha yamenijaa magotini.
Hakunisalimia. Alipita moja kwa moja chumbani,
akainua godoro, akapekua mito,
akanusa mtungi, akafunua sufuria, akakoroga hadi chini
akitafuta unyoya, ukucha,
karatasi iliyoandikwa kwa zafarani.
Alipata risiti ya ada na soksi moja.

"Ondoka hapo," akasema, "nikukunie."
Nikasema, "Imebaki nusu, mama."
Hilo tu. Sikuwahi kumkatalia kitu mama yangu,
na nazi ile ilikuwa ndogo kuliko ngumi yake.

Mishi alirudi zamu ilipoisha, saa nne usiku,
mikono inanuka grisi. Akala kimya.
Wali ulikuwa na mawe mawili; aliyaweka ukingoni mwa sahani
kwa adabu, kama mtu anayepanga shanga.
Mimi nilikuwa nasugua sufuria
nikasikia mama akimuuliza, kwa sauti ya chini,
sauti ambayo mimi sijapata kuisikia:

"Huko juu, mwanangu, kunaonekana nini?"

Mishi akafikiri. "Kisiwa cha Toten. Mabati ya Chumbageni.
Siku isiyo na ukungu, milima ya kwenu, ya Amani."

"Ya kwetu?"

"Ya kwenu."

Mama yangu, mwenye wajukuu tisa,
hajapanda kitu kirefu kuliko kitanda chake.
Alivuta kanga mabegani. Akanyamaza,
akanyamaza mpaka povu likanikaukia mikononi.

Asubuhi nilimkuta kaketi mlangoni, anamenya chungwa,
hanitazami.
"Usikune mpaka kifuuni," akasema.
"Tui linaingia weusi."