Maji ya Kioo

Tanki nililijaza Jumamosi.
Jumapili, hata Machomane sijaivuka,
navuta kijiti, natemewa upepo.
Pampu inalia, nng, nng,
waipa zinasugua vumbi juu ya vumbi,
na pale lilipolala gari, mchangani,
doa la maji, kiasi cha kisahani cha chai.

Faki fundi kaja. Kainama, kainuka.
"Pampu hiyo, Nesi Zuwena. Mpaka Unguja.
Elfu themanini, nauli ya meli mbali."
Mikono yake safi kama alivyokuja nayo.
Nikasema haya, tutaonana.
Miye miaka kumi na tisa wodini Chake
nimewaona waliopewa dawa ya moyo
na kinachowauma ni jino.

Pampu inayolia ni hai, hilo la kwanza.
Na mgonjwa anayevuja haulizwi maswali,
hutandikiwa kitambaa cheupe, akatazamwa.
Nikalipasua boksi la sabuni, nikalitandika uvunguni,
nikatia tankini matone matatu ya dawa ya zambarau,
ile tunayowapaka watoto vidonda vya mdomo,
kisha nikakaa barazani nichambue karafuu zangu,
makonyo huku, karafuu huku,
hadi adhana ya isha.

Alfajiri boksi likasema.
Chini ya pampu, kukavu.
Ila mbele, nyuma ya taa ya kushoto,
uzi mwembamba wa zambarau umeshuka kwenye bati
ukadondokea herufi ya mwisho ya jina la sabuni.

Nikafungua klipu za fenda (moja ikakatika,
itafungwa waya),
nikazamisha mkono hadi kiwiko,
nikaupapasa mpira kama ninavyoutafuta mshipa
kwa bibi aliyekwisha maji mwilini,
polepole, kwa ncha ya kidole, macho nayatazamisha kando.
Hapa.
Ufa, na pembeni mwa ufa alama za meno.
Panya. Kaziacha karafuu gunia zima
katamani plastiki ya Kijapani.

Simu ikalia. Shaame, kutoka Maskati.
"Usiguse kitu, mngoje fundi!"
Nikamweka juu ya betri, sauti wazi,
yeye anakataza, miye nakata,
inchi mbili za mpira mbovu, nikatupa,
nikaunga kwa mpira wa dripu
(umepita tarehe, msinisemee kwa matroni),
ncha nikazichovya maji ya moto zikalegea,
zikaingiana, zikapoa, zikabanana.
"Unanisikia?"
Nakusikia, mume wangu.

Nikasuuza tanki, nikajaza, nikavuta kijiti.
Maji yakaruka!
Kioo yakakiruka pia.
Yakapita paa, yakapita ua,
yakatua kwenye majamvi ya Bi Time,
pishi kumi alizozianika tangu jua halijawa jua.
Nikasikia jina langu likitajwa, na la baba yangu,
na la babu ambaye miye mwenyewe nilikuwa simjui.

Nikachomoa pini ya ushungi,
nikaichomeka katika kitundu cha pua ya maji,
nikaishusha kiasi cha unywele.
Kitundu cha pili hivyo hivyo.
Tena.
Maji yakatua kifuani mwa kioo, kulia na kushoto,
waipa zikapita mara moja, mara mbili,
vumbi la wiki tatu likateremka tope,
na nyuma yake ukatokea mkarafuu wa jirani,
jani moja moja.

Nikavuka ua. Sikujitetea.
Nikachutama nikamgeuzia karafuu zake
mpaka saa saba ya mchana, shingo inawaka.
Yeye kimya.
Alikitazama tu kidole changu cha shahada,
zambarau mpaka kwenye kucha.
"Kwani leo kuna kura?"
"Ilikuwapo asubuhi. Mpiga kura mmoja."
Akachagua konyo, akalitupa.
"Na Faki?"
"Faki hakujiandikisha."