Mayai ya Februari

Kibwana wa Bombambili alileta mayai thelathini.
Ya kuchi, alisema, kuchi halisi, mbegu ya babu yake,
akayashusha mezani pangu mojamoja
kama mtu anayehesabu mahari mbele ya mashemeji.

Nikaandika: Februari, tarehe sita. Kuchi. Thelathini.
Safu ya nne nikaiacha wazi.

Nje, bati lilikuwa linalia kwa jua.
Mbwa wa jirani amelala ndani ya karai.
Hata jogoo wake, alinisimulia mwenyewe akicheka,
siku hizi anashinda chini ya gari bovu,
mdomo wazi, mabawa kayaachia pembeni.
Hapandi? Anapanda, akasema,
ila kama mtoto anayetumwa dukani.

Siku ya saba nikazima taa, nikawasha tochi ya simu.
Yai lenye uhai lina buibui mwekundu ndani,
miguu imetawanyika, katikati nukta inatetema.
Nikashika la kwanza: weupe mtupu.
La pili: weupe mtupu, kama chumba kilichohamwa.
La tatu, buibui.
Nilipomaliza, kumi na tisa hayakuwa na kitu.
Kumi na moja nikayarudisha kwenye joto.
Tisa yakaanguliwa.
Wawili walifia ndani, mdomo umeshagusa gamba.

Na trei la pembeni, la Siwema wa Fremu Kumi?
Kishingo, wale wa shingo tupu wanaochekwa mtaani:
ishirini na nne kwa thelathini.
Mwezi uleule, mashine ileile,
umeme uleule uliokatika Jumanne usiku
nikayafunika yote kwa blanketi,
nikakesha na jiko la mkaa mlangoni.

Kibwana hakutaka kusikia.
"Mashine yako imeyachemsha."
Kisha: "Au basi ni mitetea. Nitaichinja yote, Ijumaa."

Yai likikosa mbegu, mtaa mzima humtazama mtetea.
Nayajua macho hayo.
Yalinitazama miaka sita, Tandika,
na hakuna aliyewahi kuuliza habari za jogoo.

Nikamwambia: kuchi ni pande la ndege,
nyama, urefu, hasira;
joto la Februari likimwingia halipati pa kutokea.
Kishingo hupumulia shingo.
Mtundikie jogoo wako gunia bichi bandani,
maji ya mtungi adhuhuri,
mitetea sita, si kumi na tano,
na ukimaliza kunitukana, ngoja kipupwe.

Akachukua vifaranga tisa kwenye boksi la sabuni.
Akalipa nusu.

Masika ikaja, ikaondoka na kipande cha barabara.
Masika nayo ina yake:
mayai yana matope, watu wanayaosha kwa sabuni,
uchafu unapenya, yanavundia ndani.
Niliandika viza, viza, viza,
hadi nikaanza kuweka alama ya mkato tu.

Julai, kabla hakujapambazuka, hodi.
Kibwana, kavaa sweta la shule la mwanawe,
limembana mabegani, mikono imeishia viwikoni.
Trei kalifunika kanga.
Hakutaja Februari. Sikutaja nusu.
Hakutaja mitetea pia,
lakini niliyahesabu mayai: thelathini na sita,
na mtetea aliyechinjwa hatagi.

Nikaandika: Julai, tarehe tatu. Baridi. Kuchi. Thelathini na sita.
Akainama juu ya daftari, pumzi yake inatoa moshi wa chai,
akaweka kidole kwenye safu ya nne.

"Na hapa?"

"Hapo pa jogoo wako," nikasema.
"Mimi nina kalamu tu."