Ukingo wa Kijani

Jerotich, wewe uliyekuja na timu ya Njoro
Jumamosi ile ya mvua ya saa kumi pale Maseno,
sijui kama unaukumbuka uwanja wetu:
ng'ombe wa Mama Truphosa wakifukuzwa kwanza,
ndala nane badala ya mistari,
na Ambani, nahodha, akiwaapia wageni
kwamba ikweta inapita hapo penye kichuguu,
kwa hivyo anayerusha kutoka huku
anavusha sahani toka nusu ya dunia hadi nyingine.
Mlicheka. Mmoja wenu alikiruka kichuguu mara mbili
aone kama atahisi kitu.

Nusudunia, ndilo jina tulilojipa.
Kumi na tisa kwenye daftari, tisa mazoezini,
thelathini siku ya chapati.
Wapishi wa kantini walitusimanga:
"Mnacheza na vyombo, mtalia nini chakula?"
Na kweli, ilikuwa sahani pia.
Ile ya kwanza, nyeupe, yenye alama za meno ya mbwa,
ilibeba njugu kabla ya mechi na omena baadaye,
ikawa inanuka ziwa hata ikiwa hewani.
Kemunto aliitumia kujifunza mkono wa kushoto
alipovunjika wa kulia.
Wasike akajifunza kumpenda Kemunto:
kila sahani kwake, hata akikabwa na watu wawili,
mpaka Ambani akamketisha nje.
"Hii ni timu," akamwambia, "si posa."

Lakini nilitaka kukuambia
habari ya kumi na mbili kwa kumi na mbili.

Mchezo wetu hauna refa, hilo unalijua.
Hakuna filimbi ya kulaumu.
Aliye karibu na jambo ndiye anayelisema,
na likisemwa limesemwa.
Akeyo alirusha ndefu, ya juu,
ikapindishwa na upepo wa vilima vya Bunyore.
Nikakimbia, nawe nyuma yangu,
nikisikia pumzi yako
na njumu zako zikifyonzwa na tope.
Nikajitupa.

Iligusa nyasi, Jerotich.
Kidogo, kama kidole kinachoonja chumvi.
Halafu ikawa mkononi mwangu.
Ukaniuliza kwa adabu: "Umedaka?"
Nikasikia kikosi changu kizima kimenyamaza.
Nikawasikia hata ng'ombe wakitafuna.
Nikasema, "Nimedaka."

Ukanyoosha mkono, ukaniinua.

Kisha duara: mmoja wenu, mmoja wetu,
mabega kwa mabega, jezi zikitoa mvuke,
kila upande ukiusifu mwingine kama ilivyo desturi.
Wenzako walikuteua wewe uzungumze.
Ulisema mmecheza na wengi, ila waungwana kama hawa, hapana.
Ulisema, "Hasa nambari saba."
Ukainyoshea mkono sahani niliyokuwa nimeikumbatia.
Ukingoni palikuwa na mstari wa kijani, mbichi,
urefu wa ukucha.
Ukaufuta kwa kidole gumba, taratibu,
kama mtu anayemfuta mtoto maziwa mdomoni,
ukanirudishia.

Usiku mlilala kwetu, magodoro sakafuni,
strungi ikichemka kwenye birika la Akeyo,
Wasike akicheza dansi vibaya kwa makusudi
hadi Kemunto akacheka, na mambo yao yakaanzia hapo.
(Wana watoto wawili sasa. Mkubwa anarusha kushoto.)
Mimi nilisema tumbo linaniuma.
Nikalala nimeukabili ukuta,
nikikusikia ukiuliza chumba changu ni kipi
na mtu akikujibu, mwache, amechoka.

Alfajiri mlikuwa mmekwenda.
Mlisahau chupa mbili za maji na soksi moja.

Nafanya kazi Kisumu siku hizi, nahesabu pesa za watu,
na sijawahi kukosea hata shilingi.
Daftari la klabu ninalo mimi.
Ukurasa ule bado unasema kumi na tatu kwa kumi na mbili.
Mara nyingine naufungua, nashika kalamu,
halafu simu inalia, au najifanya imelia.

Sitaki unisamehe, tafadhali usianze hayo.
Nataka kujua kitu kimoja tu:
ulipopitisha kidole pale,
ulidhani unafuta tope?