Kijiko cha Shangazi Elvera

Tarehe nne Julai, na ngano imekwisha kuvunwa.
Mabua yamebaki mafupi kama nywele za kuruta,
na vumbi la kombaini lingali juu ya barabara,
halitui, halipeperuki.
Baba ameketi karibu na ndoo ya barafu:
Delwyn Voth, miaka hamsini na miwili ya ngano,
mtu wa kutafuna punje moja tu
akakutajia unyevu wake kabla ya mashine ya ghalani.

Februari, daktari wa Wichita alimwonyesha picha
ya utumbo wake, zulia lililokwanguka manyoya.
"Gluteni," akasema. Ngano, shayiri, rai, basi. Hata chembe.
Baba akauliza, "Hata ya kwangu?"

Kinyozi hajinyoi, sawa.
Lakini ni kinyozi gani aliyekatazwa
kuugusa wembe wake mwenyewe?

Basi mwaka huu Mama alipiga simu nyumba kwa nyumba:
kila mtu aje na chungu chake, kama kawaida,
ila upande wa mashariki wa meza ni wa Delwyn.
Mimi nikapewa kadi na kalamu ya wino mzito.
Niliandika mpaka kidole kikawa cheusi:
Mahindi ya kuchoma, siagi mpya. Delwyn anakula.
Mbavu za Rosella, bila mchuzi wa soya. Delwyn anakula.
Maharagwe. Nimeuliza mara mbili. Delwyn anakula.
Tuyet, anayekamua ng'ombe shamba la jirani,
alileta karatasi za mchele alizofungia kamba na mnanaa,
nyembamba hata uwaridi wa kamba ukaonekana ndani.
Mchungaji Lyle alikuja na bisi za mchele
zilizogandishwa kwa sukari; akiegesha gari
akasoma herufi ndogo za pakiti: kimea cha shayiri.
Hakushuka nazo. Nilimwona akizila mle mle,
madirisha yamefungwa,
mtumishi wa Mungu, mashavu yamejaa.

Shangazi Elvera ana miaka themanini na mmoja.
Mikate yake ya Jumapili, mdogo umeketi juu ya mkubwa
kama mtoto mabegani,
ndiyo iliyomkuza Baba baada ya mama yao kufariki.
Leo alileta saladi ya viazi.
Nayo ilikuwa salama hadi saa saba na robo,
alipochota makaroni upande wa magharibi
na kijiko kilekile, kwa mkono usiofikiri,
akakizamisha kwenye viazi.

Hakuna aliyepiga kelele. Sisi ni watu wa kunyamaza.
Hata nyama jikoni ilikuwa kama imepunguza sauti.
Alikitazama kijiko. Akaitazama kadi yangu.
Akaichana, akalikumbatia bakuli zima,
akalihamishia ng'ambo.
"Hili sasa ni lenu," akatuambia,
kana kwamba sisi ndio tuliokosa.

Kisha akaenda garini, polepole, akarudi na kopo la biskuti
lililozungushiwa gundi ya karatasi pande zote.
Ndani, mikate sita. Unga wa mchele, wa muhogo, wa mtama,
jaribio la kumi na mbili;
kumi na moja ya kwanza yaliishia kwa kuku.
Vichwa vimelalia upande
kama watu wanaosikiliza mlangoni.
"Nilinunua bati jipya," alisema. "Na mwiko. Hata aproni."

Baba alipangusa mikono kwenye suruali,
akakumbuka vumbi, akaenda kunawa.
Tulingoja.
Akarudi, akang'oa kichwa cha mkate, akatafuna
macho yamefumbwa, muda mrefu
kuliko mkate unavyohitaji.

"Kumi na tatu na nusu," akasema.

Ndicho kipimo ambacho ghala hupokea mzigo
bila kukata hata senti. Shangazi,
ambaye hajawahi kupanda kombaini, alikijua.
Akavuta kiti. "Chumvi imepungua," akasema.
"Imepungua," Baba akakubali,
akachukua wa pili.