Sare

Waliniagiza picha ya ukumbini,
futi sita kwa nne, kikundi kizima:
akina mama ishirini na mmoja wa Govan
katika sare ya harusi ya Tusajigwe,
kitenge cha buluu chenye mikia ya tausi
kilichotoka Kariakoo kwa kilo,
kikashonwa na fundi mmoja, kipimo kimoja;
aliyenona akabanwa, aliyekonda kikampwaya.

"Utupake tufanane," alisema Bi Shuweikha, katibu.
"Huku tunaonekana mmoja mmoja,
kwenye foleni, kwenye basi, kwenye zamu ya usiku.
Ukutani angalau tuwe kitu kimoja."
Nikasema sawa. Kodi ilikuwa imefika.

Nilianza vizuri. Buluu juu ya buluu.
Nje, mvua ya Glasgow,
kama mgeni aliyeaga mara tatu na bado kakaa.

Kwa mama wa tisa mkono ukakataa.
Nilimkumbuka Sekela alivyocheka
siku aliyoshinda pauni kumi za bahati nasibu,
akaziba meno kwa upindo wa khanga
maana mjane, walishasema, hacheki hadharani.
Nikachukua kisu cha rangi. Nikaikwangua buluu yake
nikamwachia mdomo,
mwekundu, wazi, mkubwa kuliko uso.

Baada ya hapo sikuweza kujizuia.
Wa kumi na mbili nilimvisha njumu:
Jumapili anacheza mpira, mumewe anajua yuko kwaya.
Wa kumi na saba ni mimi.
Hapo niliacha turubai tupu.

Kamati ilikuja, ikasimama. Mtu akasonya.
"Mkataa wengi ni mchawi," akasema katibu,
wakateremka ngazi, chai haijaguswa,
na mwenye nyumba nikamwomba wiki mbili.

Jumanne usiku, hodi.
Bi Shuweikha, peke yake, koti linachuruzika.
Kiti hakukitaka. Aliisogelea picha
mpaka pumzi yake ikagusa rangi mbichi,
akahesabu kwa kidole kuanzia kushoto,
akafika wa sita, akasimama hapo:
buluu safi, shingo hadi kifundo,
kazi ya siku ya kwanza.

"Huyu ni mimi?"
"Ndiyo."
"Mbona mimi umeniacha nimevaa?"

Nikatafuta la kusema, nikalikosa.
Nikampa kisu, mpini upande wake.